Mkoko wa babu wanirudisha Lisekese

Msomaji wangu, kama hujawahi kudaiwa kodi ya miezi minne na mama mwenye nyumba anayeamka alfajiri kufagia mbele ya mlango wako makusudi, safari hii huwezi kuielewa vizuri. Mwenzenu nilikuwa kwenye hali hiyo Agosti ya mwaka jana, pale Magomeni, siku bosi mmoja tunayekunywa naye kahawa kijiweni alipoanza kusimulia magari yake ya zamani. Anayo matano, yote kayafunika maturubai. Mimi kwa kuchangia tu mazungumzo nikasema mbona hata babu yangu mzaa mama ameacha Fiat kule Masasi.

"Fiat gani?"

"Zile sanduku sanduku, taa mbili za mviringo mbele. Nyuma imeandikwa 124."

Jamaa akaweka kikombe chini. "Imeshapigwa rangi?"

"Sijui. Mara ya mwisho nimeiona nina miaka tisa."

"Nenda kaiangalie. Kama haijaguswa, nina milioni nane. Ukiipata kwa pungufu, kinachobaki ni chako. Kama imeguswa, usinipigie simu."

Milioni nane, jamani! Usiku nikampigia bibi huko Lisekese kumjulia hali. Bibi, bila kujua lolote, akaniambia na yeye anatafuta mtu wa kuichukua Fiat, hata kwa milioni tatu na nusu. Mimi niliishia kidato cha nne, na hisabati sikupata kitu, lakini hesabu hiyo niliifanya kichwani kabla salio halijakatika. Nne na nusu mfukoni kwangu. Asubuhi nikakopa nauli.

Basi za Kusini zinaondoka mapema, na kwenye Daraja la Mkapa, Rufiji, jua lilikuwa bado la upole. Mzee niliyekaa naye siti moja alinicheka nilipolalamika kwamba mguu umekufa ganzi. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, alisema, magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea mnalala porini na kuku wenu na watoto wenu, mnasukuma basi kwenye tope siku mbili, tatu. Wenye akili walipanda meli mpaka Mtwara. Nilimsikiliza kwa adabu tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba barabara hiyo mbovu ndiyo iliyoitunza Fiat ya babu.

Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda na misheni yake ya tangu 1906, halafu ghafla yanatokea majabali ya Masasi. Mgeni lazima ashangae. Ardhi imelala tambarare, halafu mawe makubwa kama milima yamesimama peke yake, meusi na ya kijivu, kama ng'ombe waliosahauliwa malishoni. Chini yake ndiyo mji: njia panda ya Mtwara, Newala, Nachingwea na Tunduru, maghala ya korosho, bodaboda bila hesabu. Mji huu una historia ya watu waliokuja wakaona basi, hapa panatosha. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waingereza aliwaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Wao walikuwa wanaelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi.

Lisekese ni pembeni. Bodaboda ananishusha jioni, mikorosho imeingia mpaka kwenye nyua za watu, inachanua, na hewa ina harufu ya salfa wanayopulizia kuzuia ubwiri. Ngoma za jando zinasikika upande wa pili wa bonde, ndiyo msimu wake. Nyumba ya bibi naikumbuka kwa mwembe. Lakini kabla sijabisha hodi, nikasikia sauti kutoka kwenye banda la uani. Kwaru, kwaru, kwaru.

Msasa!

Nilitupa begi. Ndani ya banda, mjomba wangu amekaa kwenye ndoo anavuta sigara, na fundi mmoja kijana amepiga magoti mbele ya madigadi ya kushoto anakwangua rangi kwa nguvu zote.

"Acha! Mjomba, mwambie aache!"

"Shikamoo kwanza," mjomba akasema.

"Shikamoo. Mwambie aache."

Ramani yao ilikuwa hii: kukwangua yote, kupaka puti palipobonyea, kupiga rangi nyekundu ya kumetameta, kuweka rimu za kisasa, na baadaye kung'oa injini ya Kitaliano na kupachika ya Corolla ili spea zipatikane. "Hapo tunaiuza hata milioni tano," mjomba aliniambia. Simlaumu. Mjini hapa ndivyo tunavyofanya magari yote, na mnunuzi wa kawaida anataka king'aacho. Nikampiga picha bosi, na palipokwanguliwa nikapapiga vilevile, roho ikinidunda. Palikuwa na ukubwa wa sahani ya pilau, bati tupu.

Bosi alipiga simu hapo hapo. Alinifokea mpaka fundi akasikia, kisha akatulia akanieleza. Gari lililopigwa rangi upya, anasema, hujui chini yake kuna nini: puti, kutu, ajali tatu. Lenye rangi yake ya kiwandani halina pa kujificha, kila mkwaruzo unauona na umri wake. Na magari ya Kitaliano ya miaka ile yalikuwa maarufu kwa kuliwa na kutu, kwa hiyo lililopona ni adimu. Kupaka kila mtu anaweza, mwaka wowote. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, nani atairudisha? "Milioni saba," akamaliza. "Hiyo sahani ya pilau imekula milioni moja."

Mjomba alikuwa amesogeza sikio. Sauti ya simu yangu ni kubwa, lakini nadhani alisikia nusu nusu. Alimlipa fundi elfu kumi akaenda zake.

Sasa nikaliangalia gari vizuri. Msomaji, mimi siyo mtu wa kulia kwa ajili ya mabati. Lakini lilikuwa limesimama juu ya magogo, tairi haziguzi ardhi, rangi ya krimu iliyokolea kama meno ya mzee anayevuta tumbaku. Siti za plastiki nyeusi zimepasuka mstari mmoja tu, upande wa dereva. Kwenye dashibodi kilometa 61,412. Ndani ya kisanduku cha mbele kuna kitabu cha maelekezo kwa Kitaliano na kitambaa cha kufutia kioo kilichokunjwa pembe nne. Nilipofungua mlango ulifunga wenyewe kwa mlio mmoja mzito, tup. Corolla ya jirani yangu Magomeni, iliyokuja juzi na meli, haifungi hivyo.

Modeli hiyo Fiat waliitoa mwaka 1966, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Warusi wakainunua ramani yake wakaigeuza Lada, kuanzia 1970. Ina breki za diski magurudumu yote manne, kitu ambacho kwa gari la familia la wakati ule kilikuwa siyo cha kawaida. Hii ya babu ni ya 1972. Ilifikaje Lisekese? Kwa korosho, kama kila kitu huku.

Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho Kusini, kwa mikopo, na baadhi ya mitambo yake ilitoka Italia. Wataalamu wakaja kuifunga na magari yao. Babu alikuwa fundi umeme, Mmakonde wa Newala aliyemfuata bibi Lisekese. Alikaa na Mtaliano mmoja miaka miwili akimshikia nyaya, na mwaka 1981 yule bwana alipofunga virago akamwachia Fiat kwa bei ya kulipa kidogo kidogo. Bibi anasema walilipa kwa mihogo na mayai zaidi kuliko hela. Viwanda vyenyewe havikudumu, korosho zilipungua, vingi vikafungwa, vingine vikageuzwa maghala. Na korosho yetu mpaka leo nyingi inasafiri na ganda lake kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Usiku ule, baada ya ugali na mlenda, bibi alinitolea daftari. Mwandiko wa babu, wino wa bluu, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula. Tarehe, kilometa, lita za petroli, oili, plagi, tairi ipi ilihamishwa upande upi. Miaka ya mwanzo ya themanini, mafuta yalipokuwa ya kutafuta kwa tochi, kuna miezi mitatu mfululizo ameandika neno moja: "Imelala." Bibi akaniambia miaka ile hata kama una petroli, Jumapili mchana gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo wakienda kanisani Mtandi walikuwa wanarudi mbio kabla ya muda, yeye kavaa gauni la maua, babu anatazama saa.

Toka 1996 daftari halina safari. Spea zilikuwa hazipatikani, na za kuagiza Dar zilikuwa hazifiki. Lakini kila Jumamosi ameandika: "Imewashwa, dakika 15." Kila Jumamosi, miaka ishirini, mpaka wiki aliyofariki, 2016. Alilipandisha kwenye magogo ili tairi zisikae upande mmoja. Nguzo za banda alizipaka mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawazigusi mpaka leo. Na Masasi iko mbali na bahari, hakuna chumvi hewani. Lingekuwa Dar lingeshaisha kwa kutu, au lingeuzwa, au mtu angelipiga rangi ya kumetameta zamani sana.

"Sasa kwa nini unauza, bibi?"

Akaniangalia kama mtu anayepima. "Mikorosho sitini iko rehani."

Kumbe mjomba alikopa milioni tatu kwa mtu mmoja hapo mjini, miaka miwili nyuma, akanunua bodaboda, bodaboda ikagongwa na lori. Dhamana ilikuwa shamba la bibi. Msimu uliopita korosho zote za miti ile ziliokotwa na mwenye hela, na mpaka deni lilipwe ataendelea kuokota. Wasomaji wa mjini mnaweza kudhani rehani ni benki na mihuri. Huku ni karatasi ya daftari na dole gumba. Na korosho zinaanza kudondoka Septemba, Oktoba. Tukichelewa wiki sita, msimu wa pili nao umekwenda.

Nililala chali nikihesabu kenchi za paa. Milioni tatu na nusu zinakomboa mikorosho, bibi anafurahi. Milioni saba za bosi, tatu na nusu zangu, mama mwenye nyumba anafurahi. Nani kaumia? Nilijiuliza swali hilo mara nyingi sana kwa mtu ambaye hajaumiza mtu.

Asubuhi bibi akasema tunakwenda Newala. Nikashangaa, kwani hati ya mirathi ya mahakama ya mwanzo anayo yeye, msimamizi ni yeye. Bibi akacheka. Karatasi ni ya serikali, alisema, lakini Mmakonde ana watu wake. Huku Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unahesabiwa kwa mama. Mimi ni wa bibi, na babu alikuwa wa dada zake. Kadi ya gari yenyewe, tangu matanga, ilikuwa kwa dada yake mkubwa Newala, imefungwa kwenye kanga.

Tulibanwa kwenye Noah watu kumi na mmoja. Barabara inaanza tambarare halafu inapanda ukingo wa uwanda wa Makonde, kona juu ya kona, gia ya kwanza inalia. Bibi alinionyesha kona ambayo babu alikuwa anasimama kupoza injini na kumgawia kila mtu kipande cha muhogo. "Kupanda ilikuwa inachoka," alisema, "lakini kushuka hatukuogopa kamwe." Zile diski nne, bila shaka.

Juu kuna baridi. Agosti ile ukungu ulikuwa bado umekaa saa tatu asubuhi, watu wamevaa makoti, na mimi na fulana yangu ya Magomeni nilitetemeka kama kifaranga. Ni ardhi ya kichanga, mikorosho na mihogo mpaka macho yachoke, lakini mito hakuna. Zamani akina mama walishuka mpaka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, na wazee bado wanaongelea maji kama watu wa kwetu wanavyoongelea hela. Tulipopata nafasi nilikwenda kuchungulia Shimo la Mungu. Ardhi inaisha tu, miguuni pako kuna bonde kubwa la kijani, mbele kabisa Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Nilikaa pale kama nusu saa. Kwa kijana wa Dar, kuona mbali kiasi kile bila ghorofa kukukata ni jambo geni.

Bibi wa Newala ana miaka themanini na kitu, na ana ndonya ya zamani mdomoni, tundu tu limebaki. Nilimwamkia nikiwa nimechuchumaa. Walizungumza kwa Kimakonde muda mrefu, kisha akageukia Kiswahili, na alinigeukia mimi, siyo bibi.

"Wewe ndiye umeleta mnunuzi?"

"Ndiyo, bibi."

"Anatoa ngapi?"

Bibi yangu akajibu kwa niaba yangu: tatu na nusu. Yule mama hakumwangalia kabisa. Aliendelea kunitazama mimi.

"Nimekuuliza wewe, mjukuu. Reli yao ya karanga waliileta wakaing'oa. Viwanda vilikuja, vikafa. Sasa na gari la kaka yangu linaondoka, sawa, liondoke. Lakini linaondoka kwa shilingi ngapi?"

Msomaji, nisikudanganye kwamba roho yangu ni safi. Nilifungua mdomo nikiwa sijaamua. Kilichotoka ni, "Saba. Ilikuwa nane, mjomba akakwangua."

Palikuwa kimya. Kuku alipita katikati yetu taratibu kama amelipwa. Halafu bibi yangu akaanza kucheka, kicheko kile cha kushika mbavu, mpaka wa Newala naye akaambukizwa, mimi peke yangu ndiye nimeinamisha kichwa.

"Na wewe ulikuwa uchukue ngapi?" bibi akauliza akifuta machozi.

"Kilichozidi."

"Chote?"

"Ndivyo alivyosema bosi."

"Babu yako alikuwa anaiba sukari," alisema. "Alikuwa hawezi kuificha vilevile."

Waligawa pale pale, juu ya mkeka. Tatu za mikorosho. Moja na nusu za wapwa wa babu, Newala. Mbili za bibi, atabadilisha bati la jikoni. Laki tano zilizobaki, tatu zangu za udalali na nauli, mbili za mjomba ili asinune. Kadi ikafunguliwa kwenye kanga, karatasi ngumu iliyokunjwa kama kitabu, bado ina namba za zamani za kabla ya mabadiliko.

Bosi alishuka mwenyewe wiki iliyofuata na lori. Hakutaka liwashwe, hakutaka lioshwe, alitaka vumbi lake lote. Alipoonyeshwa daftari la babu aliketi chini kwenye gogo akasoma ukurasa kwa ukurasa, akaomba aliongezee laki mbili alipate. Bibi alikataa kuliuza. Alimwachia apige picha kurasa zote, bure. Wakili wa mjini Masasi akagonga muhuri kwenye mkataba, hela zikahesabiwa mara mbili, na siku hiyo hiyo mjomba alitangulia mbele yetu kwenda kwa mwenye rehani, akiwa amevaa shati la kanisani. Karatasi ya dole gumba ilichanwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Korosho za kwanza bibi aliziokota mwenyewe mwishoni mwa Septemba, na mzigo wake akaupeleka chama cha msingi kusubiri mnada kama wengine.

Kodi yangu ilikuwa laki tatu na ishirini. Mnaona wenyewe.

Bosi hajalipaka rangi. Nilipita kwake mwezi uliopita: injini kaifungulia, kabureta kaisafisha, mipira ya breki kabadilisha kwa sababu hiyo haina mjadala, na ile sahani ya pilau kaipaka nta tu isishike kutu. Anasema itabaki hivyo hivyo. Jioni bibi akanipigia, akaniuliza habari za kazi, za afya, halafu akauliza kama wanaiwasha. Nikampelekea bosi ujumbe. Amenijibu kwamba Jumamosi hii asubuhi niende na simu yenye salio, ataiwasha dakika kumi na tano, bibi asikilize.